Filamu za Mafunzo kwa Wenye Kisukari: Zinapofaa na Zinapoishia

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki mara moja kila mwezi, na kila mara akazungumza na mhudumu kwa muda wa nusu saa, hupata saa 6 za ushauri katika mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Katika saa zote zinazobakia, mgonjwa huyo ndiye anayeamua ale nini, anywe dawa saa ngapi, avae viatu gani na, akihisi jasho na kutetemeka, afanye nini kwanza. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya husema kwamba sehemu kubwa ya tiba ya kisukari cha aina ya pili hufanyika nyumbani. Makala hii inawaeleza wananchi na watumishi wa Serikali jinsi filamu fupi za video zinavyoweza kumsaidia mgonjwa katika kazi hiyo ya kujihudumia, na pia mahali ambapo filamu peke yake haitoshi.

Kwanza yafaa maradhi yenyewe yafahamike. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia katika chembechembe za mwili ili itumike kuleta nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghlabu huanza utotoni au ujanani, kongosho huacha kutengeneza insulini. Katika aina ya pili insulini ipo, lakini mwili huwa mkaidi kwayo. Kongosho hulazimika kuzidisha kazi, na baada ya miaka huelemewa. Mtu ambaye sukari yake asubuhi kabla ya kula chochote inafikia milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarejewa kikaleta jibu la namna hiyo hiyo, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Balaa la aina hii ni kwamba haiumi. Mtu huweza kukaa nayo miaka kadhaa akidhani kwamba kiu na uchovu ni mambo ya umri, huku mishipa ya macho, figo na miguu ikiharibika polepole.

Kwamba uharibifu huo unaweza kupunguzwa kumethibitishwa. Nchini Uingereza utafiti ulioanza mwaka 1977 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kwamba madhara ya mishipa midogo ya damu yalipungua kwa asilimia 25 kwa wale ambao sukari yao ilidhibitiwa kwa bidii zaidi, ikilinganishwa na wenzao waliotibiwa kwa namna ya kawaida ya wakati ule.

Kwa upande wa Tanzania, upimaji uliofanywa katika vijiji vya Bara na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, pia wa Bara, ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa na namna ya kupima havikuwa sawa katika kazi hizo mbili, kwa hiyo tarakimu hizo zisiwekwe katika mizani moja. Mwelekeo, hata hivyo, unaonekana, na hakuna sababu ya kudhani kwamba bahari imevikinga visiwa.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Mwaka 2002 yalichapishwa mapitio ya majaribio 31 yaliyohusu kuwafundisha wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kujihudumia. Kipimo kilichotumika ni kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu katika miezi 2 hadi 3 iliyopita, ambacho katika kliniki hujulikana kwa herufi HbA1c. Mara tu baada ya mafunzo, kipimo hicho kilishuka kwa wastani wa pointi 0.76 za asilimia. Miezi michache baadaye, nafuu iliyobakia ilikuwa pointi 0.26 tu. Walioandika mapitio hayo walikadiria kwamba ili kuleta nafuu ya pointi 1 nzima, zilihitajika saa 23.6 za mwalimu na mgonjwa kukaa pamoja. Msomaji na azikumbuke zile saa 6 zilizotajwa hapo mwanzo.

Mambo mawili yanapatikana katika tarakimu hizo. La kwanza ni kwamba mafunzo yana faida. La pili ni kwamba faida hiyo hufifia mgonjwa asiporejewa. Filamu ina sifa moja ambayo mhudumu wa kliniki, mwenye foleni ya watu 40 mlangoni, hawezi kuwa nayo: hurudiwa mara kumi bila kuchoka wala kukunja uso. Huangaliwa nyumbani, pamoja na mke au mume anayepika, na pamoja na mtoto anayesaidia kumpima mzee sukari. Tena huonyesha kitendo. Kuna mambo ambayo maneno huyaeleza vibaya na jicho huyashika mara moja, kama vile namna ya kuviringisha kichupa cha insulini yenye ukungu baina ya viganja, polepole na bila kuitikisa, mpaka ichanganyike.

Kutumia filamu kufundisha afya si jambo geni Afrika Mashariki. Baina ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa majaribio ya sinema za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani, na miongoni mwake imo iliyohusu maradhi ya safura. Sauti ilitoka kwenye santuri, ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na mahali. Mradi ule ulikuwa wa kikoloni na mtazamo wake ulikuwa wa kikoloni, lakini ulitambua jambo ambalo watengenezaji wengi wa leo hulisahau: picha moja yaweza kupita nchi nyingi, maneno hayawezi.

Kipo na kisa kingine, alichokiandika mtaalamu wa Kiingereza, John Wilson, katika mwanzo wa miaka ya 1960. Wanakijiji wa mahali pamoja barani Afrika walionyeshwa filamu iliyotengenezwa polepole sana kwa makusudi, kuhusu kuondoa maji yaliyotuama majumbani. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mna kuku. Wakairejea picha baada ya picha na kweli wakamkuta, amepita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kana kwamba kasoro ilikuwa ya watazamaji. Inaelekea zaidi kuwa kuku ndiye kitu pekee katika filamu ile kilichokuwa cha kwao. Kwa vyovyote vile, funzo kwa mhudumu wa afya ni hili: kama hukuwauliza watu wameona nini, hujui umewaonyesha nini.

Hapana mahali ambapo jambo hilo lina uzito kama katika utunzaji wa miguu. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga msumari, kaa la moto au gamba la chaza asijue. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika, mwaka 2005, kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala na wasiamke. Kidonda kisichouma hupuuzwa. Kikipuuzwa huingia usaha, na damu ya mguuni ikiwa nayo ni haba, hugeuka kidonda ndugu, kisha huja khabari ya kukatwa mguu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, kupitia mradi wa Hatua kwa Hatua ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoa mbalimbali kuutambua na kuuhudumia mguu wa kisukari mapema, kwa msingi kwamba sehemu kubwa ya miguu inayokatwa ingeweza kuokolewa.

Filamu nzuri ya miguu basi ianze kwa kuonyesha miguu ya kweli ya mtu mzima wa kisiwani, yenye magaga na vumbi, na isiwe miguu ya picha za matangazo. Ionyeshe mtu ameketi penye mwanga, akiuinua unyayo na kuuangalia wote, kisha baina ya kila kidole. Asiyeweza kujikunja aweke kioo sakafuni au amwite mjukuu. Ionyeshe maji ya kuoshea yakijaribiwa kwa kiwiko, si kwa mguu. Ionyeshe kucha zikikatwa sawa sawa bila kuchimbwa pembeni, na mkono ukiingizwa ndani ya kiatu kutafuta kijiwe kabla ya kuvaa. Kwa Mwislamu, miguu huoshwa kwa udhu mara kadhaa kila siku, na hiyo ni nafasi ya uchunguzi ambayo watu wa nchi nyingine hawanayo. Ila nafasi hiyo hugeuka madhara vidole vikiachwa na majimaji, kwa sababu ngozi hulainika na kupasuka. Kitambaa kikavu kandoni mwa birika ni kitu kidogo, lakini katika filamu kionekane. Zaidi ya hayo, kila mgonjwa anastahili kupimwa hisia za nyayo na mhudumu angalau mara moja kwa mwaka, kwa uzi maalumu wa nailoni unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10. Kitendo hicho mtu hawezi kujifanyia mwenyewe kwa kuangalia video, na filamu iseme hivyo waziwazi.

Katika chakula, filamu nyingi zinazotoka nchi za nje huonyesha sahani ya mtu mmoja iliyogawanywa: nusu mboga, robo kitoweo, robo wanga. Kanuni hiyo ni sahihi. Lakini katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba watu hula katika sinia, na anayekula katika sinia hajui amekula robo ya nini. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya visiwa hivi ingemwonyesha mama akimpakulia mgonjwa wali wake katika sahani kwanza, kisha akaketi naye pale pale pa sinia asije akaona kwamba ametengwa. Ingeonyesha mchicha, bilinganya na mchuzi wa samaki. Ingeonyesha kwamba muhogo, ndizi mbichi za kuchemsha, mkate wa kumimina na wali wote ni wanga, hata kama kimoja tu ndicho kitamu. Na ingehesabu hadharani vijiko vya sukari vinavyotiwa katika vikombe vya chai vya siku moja. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Kushuka kwa sukari kunahitaji maelezo, kwani huua kwa saa chache ilhali kupanda huua kwa miaka. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, akichelewa kula au akifanya kazi nzito, sukari yake yaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Hutetemeka, hutoka jasho la baridi, hushikwa na njaa ya ghafla, hupayuka maneno. Wapo waliodhaniwa kuwa wamelewa. Apewe mara moja vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, angojewe dakika 15, apimwe tena, na akipata nafuu apewe chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni; apelekwe hospitali. Filamu ya jambo hili iwalenge watu wa nyumbani na wenzake wa kazini zaidi kuliko mgonjwa, kwa sababu wakati huo akili ya mgonjwa haipo.

Mwezi wa Ramadhani una hukumu yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulionyesha kwamba katika mwezi huo kushuka sana kwa sukari kuliongezeka mara 7.5 kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Miongozo ya kimataifa inamtaka mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili ielezwe kama kufunga kunamfaa na dawa zibadilishwe saa na kiasi. Anayefunga afungue pale sukari inaposhuka chini ya 3.9 au kupanda zaidi ya 16.7. Baadhi ya wagonjwa huacha kujipima mchana wakichelea kwamba tone la damu hubatilisha saumu. Miongozo hiyo, iliyoandaliwa kwa kushauriana na wanavyuoni, inaeleza kwamba kujidunga kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi. Katika filamu, maneno hayo yangefaa yatoke kinywani mwa shekhe anayejulikana mtaani, na daktari awe ameketi kando yake. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana na kila aliyepita chuoni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia mzee kwamba yeye ni mgonjwa, ingawa anatembea.

Kuhusu insulini, pamoja na namna ya kudunga na kubadilisha mahali pa kudunga, ionyeshwe namna ya kuihifadhi. Vichupa ambavyo havijafunguliwa huwekwa katika jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hutupwa. Kilichofunguliwa hudumu kama wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30. Asiye na jokofu huweza kutumia chombo cha udongo chenye unyevu, ambacho majaribio katika nchi za joto yameonyesha kwamba hupunguza joto la ndani. Ila hewa ya visiwani ina unyevu mwingi na ubaridi wa mtungi hupungua, hivyo uwekwe kivulini penye upepo.

Mtengenezaji wa filamu asisahau anamtengenezea nani. Kisukari hudhoofisha macho, kwa hiyo maandishi madogo chini ya picha hayamfai mtu ambaye filamu imekusudiwa kwake. Herufi ziwe kubwa na chache, sauti iwe wazi, na picha ikae muda wa kutosha. Filamu iwe ya dakika 3 hadi 5 na jambo moja, si ya saa nzima na mambo yote. Lugha iwe Kiswahili kinachozungumzwa nyumbani: "ganzi ya miguu" hueleweka na kila mtu, jina la kitaalamu la uharibifu wa mishipa ya fahamu halieleweki hata na waliosoma.

Siku hizi video haingoji tena mashine na kanda. Inapita katika simu ya mkononi kutoka kwa shemeji hadi kwa jirani, na hapo pana faida na hatari kwa pamoja. Katika simu hizo hizo zimo picha za watu wanaodai kwamba wana dawa ya kukimaliza kisukari kwa siku 30. Alama za kuwatambua si ngumu. Huuza kitu, hutaja waliopona bila ya kutaja vipimo, na, kubwa kuliko yote, humwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Mdalasini, mlonge na habasoda si haramu kwa mgonjwa wa kisukari, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya kidonge au sindano aliyoandikiwa, na anayevitumia amweleze daktari wake.

Kwa wahudumu wa vituo vya afya, njia iliyo bora ni kuonyesha filamu fupi wakati wagonjwa wakingoja zamu, kisha mgonjwa anapoingia ndani aambiwe: "Bibi, hebu nionyeshe unavyoitazama miguu yako." Aonyeshe yeye. Pale anaposita ndipo mafunzo yanapoanzia, na dakika 5 zitumike hapo. Kituo kinachowasha televisheni na kuiacha ikisema peke yake kimeongeza kelele katika chumba cha kungojea.

Wakuu wa idara na taasisi za Serikali nao wana sehemu yao. Mtumishi mwenye kisukari anahitaji nafasi ya kula kwa wakati, mahali pa faragha pa kudunga sindano, na ruhusa ya kwenda kliniki bila ya kukatiwa jicho. Filamu ikionyeshwa kazini ionyeshwe kwa watumishi wote, asitajwe wala asiitwe mbele yeyote kwa maradhi yake. Upimaji, kama upo, ufanywe chumba cha pembeni na majibu apewe mwenyewe. Ofisi nyingi huchagua tarehe 14 Novemba, ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani na ndiyo tarehe aliyozaliwa, mwaka 1891, Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mjini Toronto mwaka 1921. Inayokusudia siku hiyo iwasiliane mapema na kituo cha afya kilicho karibu nayo, kwani wote huomba mhudumu siku moja na mhudumu mmoja hawezi kuwa mahali pawili.